Amiri Hasemi "Mimi"

14 Januari

Fundi,

Nimefika salama. Safari ilikuwa ndefu mpaka miguu ikavimba, lakini nimefika. Baba anakula, ananitambua, ananishika mkono. Kiharusi kimemwachia upande wa kulia mzito, ila maneno ndiyo yanayomtesa zaidi. Anajua anachotaka kusema, neno linakwama njiani. Shangazi zangu wakija kumwona wanamdakia. Akianza tu "n...", mmoja anasema "njaa?", mwingine "nje?", kumbe alikuwa anataka neti ishushwe. Mwishowe ananyamaza na kugeukia ukuta. Nilipoona hivyo nikakukumbuka wewe na kigugumizi chako, na jinsi unavyokunja uso mtu akikumalizia neno.

Hospitali ya huku imenichukua kwa uhamisho wa muda. Karakana yao ya meno bandia ni kachumba kamoja nyuma ya kliniki ya meno. Dirisha linatazama ukuta, lakini harufu ya nta na plasta ni ileile, na watu wameshaanza kuniita Meno. Jina limenitangulia, sijui lilipanda gari gani.

Sasa tuje kwenye jambo la maana. Dada yako amekubali mchezo wetu uendelee kwa barua. Anasema Ufalme wa Mawingu hauwezi kukosa mtawala eti kwa sababu mtawala kahama mji. Adabu za ikulu ni zilezile alizotutungia tulipokuwa tunacheza kila Jumapili kwenye karakana yako ya makochi. Hakuna kutamka "Malkia": mimi ni Kiti, na mtu anazungumza na Kiti, hazungumzi na aliyekikalia. Hakuna kusema "mimi" mbele ya Kiti. Kila mtu ajitaje kwa cheo chake, kwa hiyo wewe ni Amiri tu. Hakuna kutoka kwa kugeuza mgongo. Na Kipara wetu, hata kama ni mwalimu wa hesabu na Waziri wa Hazina, akikiita Kiti "mama" tena, atarudi shimoni. Unakumbuka alivyokaa shimoni Jumapili nzima, chini ya meza yako ya kukatia vitambaa, anatafuna karanga na kudai kwamba waziri hafungwi bila barua?

Ukitaka kusema mambo yasiyo ya ikulu, pale mezani tulikuwa tunashika sikio. Kwenye barua tutapiga mstari. Simu sikupigii, najua huipokei. Andika.

———

Kwa Amiri wa Lango. Kiti kimevuka mito na sasa kiko katika ngome ya mbali. Kinauliza: lango liko salama? Na nani anakikumbuka?

Kiti cha Mawingu
(Meno)


28 Januari

Kwa Kiti kitukufu cha Mawingu, kilicho juu ya yote,

Amiri anapiga goti. Amiri anaomba ruhusa ya kusema. Kwa kuwa Kiti kiko mbali na ruhusa itachelewa njiani, Amiri amejipa ruhusa na ataadhibiwa baadaye.

Lango liko salama. Kila Jumapili Amiri hulifungua, akangoja, akalifunga. Walinzi huuliza anangoja nini. Amiri hujibu kuwa ni desturi ya ikulu.

Njiwa wamerudi kwenye paa. Waziri wa Hazina alijaribu kupita langoni bila kuvua kofia, akarudishwa. Taa ya chumba cha Kiti haijazimwa. Kiti kisiwe na wasiwasi na hazina. Hayo ni mafuta ya Amiri.

Kiti kimeuliza nani anakikumbuka. Cheo cha Amiri hakina ruhusa ya kujibu swali hilo. Taa inawaka.

Amiri wa Lango

———

Pole kwa Baba. Usikubali wamdakie. Kaa mbele yake, umtazame machoni, usimtazame mdomo. Ukitazama mdomo, neno linaogopa kutoka.

Nimepata kazi ya kushona upya viti vya ukumbi wa sinema. Sponji zimeoza zote na panya wamezaa humo. Dada anakusalimu, juzi amezalisha mapacha.

Fundi


18 Februari

Kwa Amiri wa Lango,

Kiti kimekusamehe kwa kujipa ruhusa. Tena kinakuamuru uendelee kujipa.

Sasa sikiliza vizuri. Mwana wa Nyumba ya Chumvi ameleta posa. Anataka Kiti kibaki katika ngome yake moja kwa moja, kisiwe mgeni tena. Ana paa imara. Ameahidi kwamba mzee wa Kiti atatibiwa bila shida. Hataki jibu la "labda", anataka ndiyo au hapana kabla mwezi wa tatu haujaisha. Kiti hakimpendi wala hakimchukii. Ni mtu wa utaratibu.

Kiti kinamuuliza Amiri wake, na hakiulizi kwa desturi: kikubali, au kirudi?

Kiti cha Mawingu

———

Hayo ya hapo juu yasome mara mbili. Si mchezo mtupu.

Nimefanya ulivyoniambia. Nilikaa mbele ya Baba, nikamtazama machoni, nikanyamaza. Shangazi mkubwa alipotaka kumdakia nikamkanyaga mguu. Baba akahangaika, jasho likamtoka, na mwishowe akasema "chai". Neno zima, na sukari yake. Nililia jikoni kama mtoto, halafu nikaimwaga chai yenyewe kwa furaha ikabidi nipike nyingine.

Lakini nina neno na wewe. Mbona hata chini ya mstari huniiti? "Pole kwa Baba", unamwambia nani? Tumejuana miaka yote hii na hujawahi kuniita Meno hata siku moja. Kipara ananiita. Wateja wako wananiita. Wewe unakohoa, au unagonga meza kwa mkasi mpaka nigeuke. Nikiwa karibu nilizoea. Huku mbali naona kama barua zako zimeandikiwa mtu mwingine, mimi nazisoma kwa kuiba.

Meno


10 Machi

Kwa Kiti kitukufu cha Mawingu,

Amiri amesoma mara mbili, kama alivyoagizwa.

Kwa adabu za ikulu, Amiri hana kauli katika posa ya Kiti. Kazi ya Amiri ni lango. Siku Kiti kitakapoondoka kwenda kwa huyo wa Nyumba ya Chumvi, Amiri atafungua lango lote, atasimama pembeni, na hatageuza mgongo mpaka vumbi litue.

Taa itazimwa kwa heshima.

Amiri wa Lango

———

Huku kiti kimepata mwenyewe. Alikuja Jumamosi, akakikalia, kikamkaa vizuri. Jumapili ilikuwa ngumu kidogo lakini tutazoea.

Nafurahi kwa chai ya Baba.

Fundi


24 Machi

Fundi,

Barua hii haina mstari kwa sababu haina mchezo.

Nilikuuliza swali, ukanijibu kwa adabu za ikulu. Halafu chini ya mstari, pale tulipokubaliana kusema ya kweli, ukaniambia kuna mwingine ameshakikalia Kiti na kinamkaa vizuri. Sawa. Jumapili ni ndefu, na ufalme hauwezi kungoja mtu aliyeko mbali. Mwambie tu huyo dada asiegemee sana kushoto, pale kwenye karakana yako sakafu imebonyea.

Nimekubali. Nimesaini jana. Nabaki huku.

Baba hajambo. Wiki hii amesema "dirisha".

Msalimie Kipara. Mwambie shimo liko wazi, hana tena wa kumfunga.

Wako katika kazi,
fundi wa meno bandia


7 Aprili

Mdogo wangu Meno,

Sijui nianze kwa kukusalimu au kwa kukuchapa. Nimetoka zamu, mikono inanuka sabuni ya wodi, na mtoto wa mwisho kuzaliwa alikuja na miguu mbele. Sina subira ya kubembeleza mtu.

Kwanza, kiti. Kiti ni kiti! Mbao, misumari na kitambaa. Kile kirefu cha mbao nyeusi ulichokuwa unakikalia Jumapili, si unajua kililetwa na mteja na kusahaulika? Mwenyewe amerudi. Bibi mmoja mwenye fimbo, alikuwa kwa watoto wake muda wote huo. Akakikalia, akasema amekimiss, akakipakia kwenye mkokoteni. Mdogo wangu alisimama barabarani akautazama ule mkokoteni mpaka ukapinda kona. Jumapili hatukucheza kabisa. Kipara alileta karanga zake, tukazila kimya kama watu wa msibani. Hakuna dada yeyote. Nani angemvumilia Kipara?

Pili, huyo bwana wa Chumvi uliyesaini naye ni nani? Mbona hukuniambia mimi? Mdogo wangu alisoma barua yako, akaikunja, akafunga mlango wa karakana mchana kweupe. Watu wa sinema wananipigia mimi simu, nikiwa na mama anasukuma. Akija kwangu kula, chakula kikiwa chapwa anakila hivyohivyo, kwa sababu hataki kuomba chumvi. Neno lenyewe hataki kulitamka.

Tatu, na hili yeye hajui kama nakuambia. Unalalamika (barua zako nimezisoma, usiniulize nimezipataje) kwamba hakuiti, anakohoa, anagonga meza, sijui nini. Kaa chini.

Tangu mdogo kuna herufi moja inayomshinda kuliko zote. M. Mama, maji, mlango, mimi. Shuleni walikuwa wanamwita Ng'ombe, kwa ajili ya ile sauti ya kung'ang'ania. Nyingine anazivuka akijipa muda, M anagota kama gari kwenye matope. Siku ile ya kwanza nilipokuleta karakana kutoka hospitali, nilimwona anataka kukukaribisha. Alijaribu, akashindwa, akajifanya anatafuta mkasi. Mkasi alikuwa nao mkononi.

Nikarudi nyumbani nikatunga adabu za ikulu. Ulifikiri nilizitoa wapi? Nilifuta kila M niliyoiona njiani. Malkia akawa Kiti. Mtukufu akawa "kilicho juu ya yote". Mtu asiseme "mimi", aseme cheo, nami cheo nikampa Amiri, kinaanza kwa A, mdomo wazi, hakuna pa kukwama. Mawingu tu niliyaacha, maana mezani neno Kiti lilimtosha. Kipara alilalamika kwamba ikulu gani haina mheshimiwa hata mmoja. Nikamwambia anyamaze au shimoni. Na Jumapili iliyofuata mdogo wangu alipiga goti kwenye zile takataka za sponji akakuambia, "Amiri analeta habari za lango," bila kukwama mahali. Ulicheka ukampa ruhusa ya kusimama. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia nguo kwenye kamba.

Sasa jina lako wewe ni nani? Meno. Ulitaka akuite vipi?

Usifikiri anajificha nyuma ya vyeo. Pale ndipo mahali pekee alipowahi kusema na wewe akiwa amenyooka.

Nijibu haraka, na salamu kwa Baba.

Dada yako,
Mkunga


21 Aprili

Shikamoo dada,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa, kisha nikaisoma tena. Mgonjwa wangu wa saa tatu alingoja meno yake mpaka akaanza kuimba.

Dada, Mwana wa Nyumba ya Chumvi ni hospitali! Ni hii hospitali ya huku. Walitaka niache uhamisho wa muda, nisaini ajira ya kudumu. Paa imara ni bati jipya la karakana. "Mtu wa utaratibu" ni ofisi ya utumishi, na kumtibu mzee ni ile haki ya mfanyakazi kwa mzazi wake. Niliona nimekuwa mjanja sana. Niliandika "si mchezo mtupu" nikijua ataelewa, maana yeye huelewa kila kitu. Sikufikiria hata kidogo kwamba ataona bwana mwenye suti.

Na hiyo herufi. Nimekaa nikahesabu mambo niliyomkasirikia, yote yanaanza na M.

Nikuambie ukweli wangu, kwa kuwa umeniambia wa kwake. Hata angesema "rudi", nisingerudi. Baba hana mtu mwingine, shangazi ni wa kuja na kuondoka. Nilijua hivyo wakati naandika. Lakini nilitaka kuombwa. Nilitaka kuwe na mtu mmoja duniani ambaye kutokuwepo kwangu kunamuuma kiasi cha kuvunja adabu. Jumapili hapa ni mbaya, dada. Baba analala mchana, mtaa unanyamaza, na mimi najikuta nimekaa wima, mikono juu ya magoti, kama nangoja mtu apige goti.

Tafadhali mwambie kuhusu hospitali. Mwambie hakuna bwana. Mengine nitayasema mwenyewe, nikijua namna.

Meno


22 Aprili

Meno,

Hapa naandika mimi. Siyo Amiri. Mimi.

Kwenye karatasi jina lako linatoka bila shida. Nimeliandika nyuma ya risiti zote za sinema.

Sijui huyo bwana ni nani, na dada hajui. Sina ugomvi naye. Najua umesaini. Lakini uliniuliza swali nami nikafungua lango, kwa sababu kufungua lango ndicho kitu ninachokiweza. Jibu ninalo tangu siku niliposoma barua yako mara ya kwanza. Sikuhitaji kuisoma ya pili.

Sitaliandika hapa. Kuandika ni rahisi kwangu, na sitaki kukupa kitu rahisi. Nakuja kulisema kwa mdomo. Nitachukua muda. Nakuomba kitu kimoja tu, usinimalizie.

Fundi


6 Mei

Shikamoo dada,

Najua umeshamwona kwa sasa, na najua hajakueleza, kwa sababu anasema mimi ndiye nieleze. Basi kaa.

Kwanza ujue posta ya huku. Barua yake ya kunitaarifu kwamba anakuja ilifika siku moja baada ya yeye mwenyewe. Na ile niliyokuomba umwambie kuhusu hospitali, nadhani ilipishana naye njiani. Kwa hiyo alifika akiamini kuna bwana, nami sina habari kwamba yuko hata mji huu.

Alikuja kliniki moja kwa moja kutoka stendi, na begi lake la zana begani. Dada wa mapokezi akamuuliza, "Shida yako, kaka?"

Akaanza, "M... m..."

"Meno?"

Dada, fikiria furaha yake. Mtu wa kwanza duniani kumdakia neno na kupatia! Akaitikia kwa kichwa kwa nguvu zote. Ndiyo, Meno.

"Ya juu au ya chini?"

Hapo hakuelewa. Akaonyesha juu, akifikiri anaulizwa kama niko ghorofani. Akaandikiwa kadi, akapangwa kwenye foleni, akaingizwa ndani. Anasema aliona ni utaratibu wa heshima kidogo, lakini alijiambia pengine huku ndivyo mtu anavyoonana na mfanyakazi. Aliposhtuka, amelazwa kwenye kiti cha daktari wa meno, kitambaa cha plastiki kifuani, taa machoni, na daktari anamwambia panua mdomo.

Nami nikaingia na trei, nimebeba meno ya babu mmoja ya kujaribisha. Daktari akaniambia bila kugeuka, "Njoo uone. Huyu hana jino bovu hata moja, lakini kila nikimuuliza linalouma, machozi yanamlenga."

Nikatazama. Sijui trei niliiweka wapi. Babu anasema niliiweka mapajani mwake.

Fundi akainuka akakaa, kitambaa bado kifuani. Akanitazama. Akaanza, "M..." Ikagota. Daktari, mtu mwema kabisa, akafungua kinywa amsaidie, nikamwinulia kidole kama nilivyokuwa nafanya kwa Kipara. Nikamtazama machoni. Sikutazama mdomo. Dada, nilisikia maji yakidondoka kwenye sinki. Na nilitamani kumsaidia, lakini alikuwa hajaniomba hilo.

"Mimi," akasema. Akapumua. "Mimi sikupenda kufungua lango."

Nikangoja.

"M... Meno. Rudi. Au nije."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimesikia jina langu kwa sauti yake. Ni jina la kipuuzi, unajua, la kazini. Nilihisi kama sijawahi kuwa na jina kabla ya hapo.

Nikamwambia, "Siwezi kurudi."

Akafikiri. Akasema, "Basi nije."

Halafu akaangaza macho chumbani, akauliza, "Huyo bwana yuko wapi?"

"Umekaa kwenye kiti chake," nikamwambia. Ikabidi nimweleze pale pale, mbele ya daktari na babu asiye na meno: bati, utumishi, matibabu ya mzazi, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka. Umewahi kumsikia akicheka kwa sauti? Hakwami hata kidogo. Babu naye akacheka, ikawa vizuri kwamba meno yake nilikuwa sijamvisha. Dada wa mapokezi alilia, na bado akamtoza ada ya kumwona daktari.

Jioni nikampeleka nyumbani. Shangazi wote wawili walikuwepo, wamekaa tayari kama mahakama. Fundi akaenda moja kwa moja kwa Baba, akachuchumaa mbele yake, akasema, "Shikamoo, mzee."

Baba akataka kuitikia. Unajua jibu lenyewe linaanza na nini. "M..." akasema Baba. "M... ma..." Shangazi mkubwa akavuta pumzi amdakie, nami nikawa mbali, mguu wangu haumfikii. Lakini Fundi hakugeuka. Alibaki pale chini, amemtazama mzee machoni, na uso wake haukuwa na haraka wala huruma. Alikuwa kama mtu anayemngojea mwenzake wavuke pamoja mto anaoujua kila jiwe lake.

"Marahaba," akasema Baba. Lote, mpaka mwisho. Hajawahi kulisema tangu augue. Shangazi akaenda jikoni na hakurudi mpaka chakula.

Alikaa nasi siku chache. Asubuhi mimi nikienda kazini nawaacha kibarazani wanaulizana hali, nikirudi mchana ndiyo wanamalizia. Hakuna aliyemharakisha mwenzake. Baba amepata maneno mengi kwa mtu huyo kuliko kwa sisi sote pamoja. Siku moja nilisimama nyuma ya mlango nikasikiliza. Walikuwa wanazungumza juu ya pamba na sponji, ipi inakaa zaidi. Dada, nisingebadilisha mazungumzo yale kwa ikulu yoyote.

Amesema akimaliza viti vya sinema atafunga karakana ya huko na kuhamia huku. Amekwisha kuona chumba karibu na soko, mlango mpana, makochi yatapita. Najua maana yake kwako. Ninakunyang'anya ndugu yako wa pekee, nawe ndiye uliyenifungulia njia. Sina namna ya kukulipa wala ya kukuomba radhi. Ninachoweza kusema ni kwamba wodi ya wazazi ya huku ina upungufu wa wakunga, nimeshauliza. Kipara tutamtafutia shimo.

Juzi nilimsindikiza stendi. Injini zilikuwa zinapiga kelele. Alipanda, akakaa dirishani, akaweka kiganja kwenye kioo. Nilibaki nimesimama hata baada ya gari lingine kuingia mahali pa lile lake.

Jana asubuhi Baba aliamka mapema kuliko siku zote. Akaniita kwa mkono, nikakaa mbele yake. Ilimchukua muda mrefu, nami nikamngoja.

"Basi lake," akasema, "linafika... saa ngapi?"

"Baba, ameondoka jana tu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa. Kisha akaniomba nimsogeze dirishani, upande wa barabara. Nikamsogeza. Nikavuta kigoda, nikakaa naye.

Mdogo wako,
Meno